Namna Kioo cha Herufi Kinavyoandika: Somo la Chipu Kiongozi na Chipu Endeshi

Utangulizi

Mwalimu mmoja wa fizikia katika shule ya sekondari huko Ujiji aliniletea sanduku lenye vipimajoto viwili vya kielektroniki. Kila kimoja kilikuwa na kioo cha herufi chenye mistari 2, na kila mstari ulikuwa na nafasi 16. Wanafunzi wake walikuwa wakivitumia kupima halijoto ya maji ya Ziwa Tanganyika wakiwa mtumbwini, mbele ya mwalo wa Kibirizi. Siku moja, saa sita mchana, kioo cha kwanza kiligeuka cheusi chote, wakadhani kimeungua. Cha pili kilionyesha miraba myeusi 16 katika mstari wa juu, na mstari wa chini ukawa mtupu. Vyote viwili viliwekwa stoo muhula mzima, na daftari la vipimo likabaki na kurasa tupu.

Nilipovifungua niliona kwamba vioo vyote viwili vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni maarifa ya kusoma dalili zao.

Hasara ile haikuwa ndogo. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huwa kati ya digrii 24 na 28 hivi za Selsiasi, kwa kufuata majira. Na maji ya vilindini, katika ziwa hili lenye kina cha mita 1,470, yana digrii 23 na ushei. Tofauti yote ni digrii chache tu. Hata hivyo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni kwa kiasi gani upepo wa kusi, uvumao kuanzia Mei hadi Septemba, utaweza kuyachanganya maji na kupandisha juu virutubisho ambavyo hatimaye huwa chakula cha dagaa na migebuka. Mwaka 2003 makala mbili za kitaalamu, moja katika jarida la Nature na nyingine katika jarida la Science, zilionyesha kwamba ziwa hili limekuwa likipata joto na kwamba kuchanganyika kwa maji yake kumepungua. Kwa sababu hiyo hata sehemu moja ya kumi ya digrii ni jambo la maana. Kipimo kisichochukuliwa leo hakiwezi kuchukuliwa kesho kwa niaba ya leo.

Katika makala hii tutaeleza namna kioo cha herufi kinavyofanya kazi, kisha tutaonyesha jaribio ambalo shule yoyote inaweza kulifanya bila kompyuta, na mwisho tutataja kasoro za kawaida pamoja na maana yake.

1. Fuwele za kimiminika

Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alipokuwa akifanya kazi mjini Prague, aliona jambo la ajabu. Dutu moja aliyoichunguza ilionekana kuyeyuka mara mbili. Katika digrii 145.5 iligeuka kuwa kimiminika chenye ukungu. Ikaendelea hivyo mpaka digrii 178.5, ndipo ikawa angavu kama maji. Katika hali ile ya katikati dutu hutiririka kama kimiminika, lakini molekuli zake hujipanga kwa utaratibu kama zile za fuwele. Ndiyo maana hali hiyo huitwa fuwele za kimiminika.

Mwaka 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, mjini Basel nchini Uswisi, waligundua njia ya kuitumia hali hiyo katika kuonyesha maandishi. Vioo viwili vyembamba huwekwa sambamba, na kati yao hubaki nafasi ya mikroni chache tu, iliyojazwa fuwele za kimiminika. Nyuso za ndani za vioo hutayarishwa ili molekuli zilizo karibu na kioo cha juu zielekee upande mmoja, na zilizo karibu na kioo cha chini zielekee upande ulio na pembe ya digrii 90 na ule wa kwanza. Molekuli za katikati hujipanga kama ngazi ya mzunguko. Nje ya kila kioo hubandikwa karatasi ya kuchuja mwanga, ambayo hupitisha mawimbi ya mwanga yanayotetema katika mwelekeo mmoja tu.

Pasipo umeme, mwanga hufuata ngazi ile, mwelekeo wake ukageuka digrii 90, nao ukapita katika karatasi ya pili. Mahali hapo huonekana peupe. Umeme unapowekwa, molekuli husimama wima, ngazi ikavunjika, na mwanga ukazuiwa na karatasi ya pili. Mahali hapo huonekana peusi. Izingatiwe kwamba kioo hiki hakitoi mwanga wake chenyewe. Kazi yake ni kuupitisha au kuuzuia mwanga unaotoka kwingine, na ndiyo sababu hutumia umeme kidogo mno.

Sasa tunaweza kueleza kilichotokea Kibirizi. Kadiri joto linavyozidi, molekuli husimama kwa volti ndogo zaidi, kwa hiyo hata nukta zisizotakiwa huanza kuwa nyeusi. Joto likizidi tena na kupita kiwango alichokiona Reinitzer, fuwele huwa kimiminika cha kawaida, ngazi hutoweka, na kioo chote huwa cheusi. Vioo vingi vya kawaida vimetengenezwa kwa matumizi ya kati ya digrii 0 na 50. Kisanduku cheusi kilichoachwa juani ndani ya mtumbwi hupita kiwango hicho kwa urahisi. Kikirudishwa kivulini, aghalabu molekuli hujipanga upya na maandishi hurudi.

2. Kwa nini chipu inahitajika?

Katika kikokotoo cha kawaida kila tarakimu huchorwa kwa vipande 7. Kioo cha namna hiyo hakiwezi kuandika maneno vizuri. Kioo cha herufi hutumia nukta: kila nafasi ya herufi ina safu 8, na kila safu ina nukta 5, yaani nukta 40. Kioo cha nafasi 16 kwa mistari 2 kina nafasi 32, sawa na mashimo ya bao la Kiswahili, na kwa hiyo kina nukta 32 x 40 = 1,280.

Kama kila nukta ingepewa waya wake, tungehitaji nyaya 1,280, jambo lisilowezekana katika kioo kinachoenea kiganjani. Kwa hiyo nukta hupangwa katika safu za ulalo na za wima. Katika kioo chetu mna safu 16 za ulalo (8 kwa kila mstari) na safu 80 za wima (5 kwa kila nafasi). Nyaya zinazohitajika ni 16 + 80 = 96 tu. Chipu endeshi huziamsha safu za ulalo moja baada ya nyingine, kama mwalimu aitaye darasa dawati kwa dawati. Na kila safu inapopata zamu yake, nyaya za wima hueleza ni nukta zipi za safu hiyo ziwe nyeusi. Mzunguko mzima wa zamu 16 hurudiwa mara 84 hivi kwa sekunde. Fuwele ni nzito, haziwezi kufuata mabadiliko ya kasi hiyo, nalo jicho halioni ila picha iliyotulia.

3. Hesabu ya volti

Njia hii ina gharama yake. Nukta hupata umeme hata katika zamu za safu nyingine. Je, nukta nyeusi na nukta nyeupe hutofautiana kiasi gani?

Tuigawe volti ya kuendesha katika hatua 5 zilizo sawa. Nukta inayotakiwa kuwa nyeusi hupata hatua 5 katika zamu yake, na hatua 1 katika zamu 15 nyingine. Nukta inayotakiwa kubaki nyeupe hupata hatua 3 katika zamu yake, na hatua 1 katika zamu 15 nyingine. Fuwele huitikia volti fanisi, ile tunayoifundisha katika somo la mkondo geu, yaani kipeuo cha pili cha wastani wa miraba.

Nukta nyeusi: jumla ya miraba ni 25 + 15 = 40; wastani ni 40 ÷ 16 = 2.5; kipeuo chake ni 1.58.

Nukta nyeupe: jumla ya miraba ni 9 + 15 = 24; wastani ni 24 ÷ 16 = 1.5; kipeuo chake ni 1.22.

Basi volti ya nukta nyeusi ni mara 1.29 tu ya volti ya nukta nyeupe. Kiwango ambacho molekuli husimama hakina budi kuangukia katika mwanya huo mwembamba. Ndiyo sababu kila kioo cha herufi kina pini ya kurekebisha weusi wa maandishi: ikigeuzwa kidogo upande mmoja, nukta zote huwa nyeusi, ikigeuzwa kidogo upande wa pili, zote hutoweka. Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hii hatashangaa akiambiwa kwamba kioo kinachoonekana kufa huenda kikahitaji bisibisi tu.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba umeme huu sharti ubadilishe mwelekeo daima. Mkondo mnyofu ukipita katika fuwele kwa muda mrefu huzichanganua kikemia na kuziharibu. Kazi ya kugeuza mwelekeo hufanywa na chipu yenyewe.

4. Chipu kiongozi

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Hitachi ya Japani ilitoa chipu iitwayo HD44780. Chipu hiyo huunganisha kazi mbili: kuongoza, yaani kupokea maagizo na kutunza maandishi, na kuendesha, yaani kupeleka volti kwenye nyaya za kioo. Peke yake ina nyaya 16 za safu za ulalo na 40 za safu za wima, zinazotosha nafasi 8 kwa mistari 2. Kwa nafasi 16 huongezewa chipu endeshi ya pili, kama HD44100, yenye nyaya nyingine 40. Makampuni mengine yalitengeneza chipu zinazofuata maagizo yaleyale, mathalani KS0066 ya Samsung na ST7066 ya Sitronix. Kwa hiyo mtu aliyejifunza moja huweza kuzitumia nyingine.

Ndani ya chipu kiongozi mna kumbukumbu tatu.

(a) Kumbukumbu ya maandishi, yenye nafasi 80. Mstari wa kwanza huanza katika anwani 0, na wa pili katika anwani 64. Kioo chetu huonyesha nafasi 16 tu za kila mstari; herufi ya 17 huhifadhiwa, lakini haionekani.

(b) Kumbukumbu ya kudumu ya maumbo, yenye maumbo 240 yaliyochongwa kiwandani. Ukiiletea namba 65, chipu hulitafuta umbo la A na kulichora. Ukiiletea 66, huchora B.

(c) Kumbukumbu ya maumbo ya mtumiaji, yenye nafasi ya maumbo 8 ambayo mtumiaji huyachora mwenyewe.

Chipu huzungumza na nje kwa nyaya chache. Nyaya D0 hadi D7 huleta namba ya biti 8. Waya RS hueleza kama namba hiyo ni agizo (0) au ni herufi (1). Waya R/W hueleza kama tunaandika (0) au tunasoma (1). Waya E ni kama mlango: unapopandishwa kisha ukashushwa, chipu huipokea namba iliyopo. Maagizo mengi huchukua mikrosekunde 37 hivi, na agizo la kufuta kioo huchukua milisekunde 1.5.

5. Kiswahili ndani ya chipu

Baadhi ya wasomaji huamini kwamba vyombo hivi vimezaliwa na Kiingereza, na kwamba ni lazima viseme Kiingereza. Imani hiyo haina msingi. Chipu haijui lugha yoyote. Inajua namba na maumbo tu. Chipu ya toleo A00, iliyoenea sana, ina herufi za Kirumi zisizo na alama pamoja na herufi za Kijapani. Mwandishi wa Kifaransa, tuseme wa Bujumbura au Kalemie ng'ambo ya ziwa, hataiona humo herufi é, hivyo hulazimika kuichora mwenyewe katika yale maumbo 8. Kiswahili hakina haja hiyo. Herufi zetu zote zimo, na hata king'ong'o huandikika, kwa sababu ritifaa ina namba yake, 39. Neno NG'OMBE ni 78, 71, 39, 79, 77, 66, 69.

Basi chombo kinachoandika TEMP kingeweza kuandika JOTO. Uamuzi ni wa anayekipangia maneno.

6. Jaribio: kuandika kwa mkono

Vifaa: kioo kimoja cha herufi cha mistari 2 kwa nafasi 16, betri kavu 3 za volti 1.5, swichi 9 za njia mbili, kitufe kimoja, kikinza cha kuzungusha cha kilo-omu 10, kikinza cha kawaida cha kilo-omu 10.

Pini ya 1 iunganishwe na hasi, na ya 2 na chanya. Vioo vingine vimebadilisha pini hizi mbili, kwa hiyo soma kwanza karatasi ya kioo chako, maana kukosea hapa huunguza chipu. Pini ya 3 iunganishwe na mguu wa kati wa kikinza cha kuzungusha, ambacho miguu yake miwili ya pembeni imeungwa na chanya na hasi. Pini ya 4 (RS) ipewe swichi. Pini ya 5 (R/W) iunganishwe na hasi. Pini ya 6 (E) iunganishwe na hasi kupitia kikinza cha kawaida, na na chanya kupitia kitufe. Pini za 7 hadi 14 (D0 hadi D7) zipewe swichi 8 zilizobaki. Kila swichi iunge waya wake ama na chanya (1) ama na hasi (0).

Kwanza weka RS katika 0, kisha ingiza maagizo yafuatayo, ukibonyeza kitufe baada ya kila namba:

56: tumia biti 8 na mistari 2
12: washa maandishi
6: songa kulia baada ya kila herufi
1: futa kioo

Wanafunzi wazigeuze namba hizi wao wenyewe kuwa biti. Kwa mfano, 56 ni 32 + 16 + 8, yaani 00111000.

Sasa weka RS katika 1 na uingize 90, 73, 87, 65. Neno ZIWA litaonekana. Ukitaka mstari wa pili, rudisha RS katika 0 na uingize 192, ambayo ni 128 (agizo la anwani) na 64 (anwani yenyewe). Huenda herufi moja ikaandikwa mara mbili, kwa kuwa vyuma vya kitufe hudunda vinapogusana. Kapasita ndogo iliyowekwa sambamba na kitufe hupunguza tatizo hilo. Maagizo manne ya mwanzo hayadhuriki kwa kurudiwa.

Tuchore pia mtumbwi wenye tanga. RS ikiwa 0, ingiza 64. RS ikiwa 1, ingiza safu nane: 4, 6, 7, 4, 4, 31, 14, 0. Rudisha RS katika 0, ingiza 128; kisha RS katika 1, ingiza 0. Mtumbwi utaonekana mwanzoni mwa mstari wa kwanza.

7. Kasoro za kawaida na maana yake

Kioo kitupu kabisa: kabla ya lolote jingine, zungusha kile kikinza. Aghalabu volti ya pini ya 3 inapaswa kuwa karibu na 0.

Miraba katika mistari yote miwili: weusi umezidi, au kioo kina joto kali.

Miraba katika mstari wa juu pekee: kioo kina umeme na weusi wake ni sawa, lakini chipu haijapokea maagizo ya mwanzo. Kagua waya E, RS na zile za namba. Yamkini pia maagizo yalitumwa mapema mno. Baada ya kuwasha, chipu ingojewe milisekunde 40 au zaidi.

Herufi zisizo sahihi, na makosa ni yaleyale kila mara: waya mmoja wa namba umekatika au umegusana na mwingine.

Safu nzima ya nukta haionekani: kiungo kati ya chipu na kioo kimelegea. Maagizo hayana kosa.

Alama ß badala ya alama ya digrii: chipu ni ya toleo A02, la herufi za Ulaya. Namba 223 ni alama ya digrii katika toleo A00, na ni ß katika A02.

Hitimisho

Kipimajoto cha pili cha Ujiji kilikuwa na waya E ulioachia. Risasi kidogo ya kuchomelea ilitosha. Cha kwanza kilitengenezewa kivuli cha kipande cha ubao, tukapunguza na weusi wake kidogo. Kisha mwalimu na wanafunzi wake wakayabadilisha maneno. Sasa mstari wa juu husomeka JOTO LA ZIWA, na wa chini 26.4°C  KIBIRIZI, ambao unajaza nafasi zote 16 pasipo kubakisha hata moja. Daftari linaendelea kuandikwa. Walimu wenye vyombo vya namna hii stoo wanashauriwa wavikague kwa kufuata sehemu ya 7 kabla ya kuvitupa.

Maswali

1. Kioo kina nafasi 20 kwa mistari 4, na kila nafasi ina nukta 40. Kina nukta ngapi kwa jumla?

2. Rudia hesabu ya sehemu ya 3 kwa kioo chenye zamu 4 badala ya 16, ukigawa volti katika hatua 3. Nukta nyeusi hupata hatua 3 katika zamu yake, na nyeupe hupata hatua 1. Katika zamu nyingine kila nukta hupata hatua 1. Uwiano ni ngapi? Je, weusi wa kioo hiki ni rahisi zaidi kurekebisha, au ni mgumu zaidi? Eleza sababu.

3. Waya D0 umekatika na kugusana na hasi, hivyo daima ni 0. Mwanafunzi anaingiza 90, 73, 87, 65. Kioo kitaonyesha nini? (Namba 64 ni alama @.)

4. Chora samaki katika safu 8 za nukta 5, kisha andika namba 8 za kuingiza.